Kidawa Ashinda Zabuni

Usihangaike kuitafuta Jamhuri ya Bwerere kwenye ramani. Ramani za huko huchorwa na shemeji wa waziri, na kila mwaka mpya nchi huamka ina mto ambao jana haukuwapo, kwa sababu daraja la kuuvuka limeshajengwa na lazima lipate cha kuvuka. Lakini ipo. Watu wake wanakula, wanacheka, wanasengenyana, na chafya ikiwajia hutazama kwanza huku na huku kama imesharuhusiwa.

Huko, kwenye mtaa wa Nyuma ya Soko, ndiko alikokuwa akiishi Mama Chaurembo, mwanamke mwenye mwili wake na sauti yake, ambaye ua wake haukuwahi kuwa mtupu. Ukitaka kujua nani kaachwa, nani karudiwa, na nani anajifanya hajaachwa, unakwenda kwa Mama Chaurembo. Unasogezewa kigoda, unamiminiwa chai ya tangawizi, na kabla chai haijapoa umeshajua mpaka ya nyumbani kwako ambayo wewe mwenyewe hukuwa nayo habari.

Mwaka huo ugonjwa wa kideri ulipita mtaani. Kuku wanainamisha shingo asubuhi, jioni wamelala miguu juu. Nyumba kumi na moja zikabaki na vibanda vitupu na jogoo wa kukumbukwa tu. Alisalimika tetea mmoja, Kidawa wa Mama Chaurembo, mweusi, shingo tupu, jicho la dharau. Naye alisalimika kwa sababu wiki hiyo alikuwa amefungiwa stoo kwa kosa la kumdonoa balozi wa nyumba kumi mbele za watu.

Siku Kidawa alipoanza kukaa na kuvimba, wanawake wa mtaa wakajaa uani, kila mmoja na yai moja mkononi, lile zuri kuliko yote yaliyobaki kwenye ungo wake. Kila yai likaandikwa alama kwa mkaa ili baadaye pasiwe na kugombana. Bi Siwema, jirani wa ubavuni ambaye hakuna siri iliyowahi kumshinda, alichora jicho. Mwingine akachora kijiko, mwingine nyota, mwingine mistari mitatu. Mama Chaurembo akachora duara. Mayai kumi na mawili yakaingia chini ya Kidawa kwenye tairi bovu lililojazwa majani makavu, na tangu siku hiyo kuku wote wa mtaa, waliokufa na watakaozaliwa, wakawa wamekaa chini ya tumbo moja.

"Akiondoka huyu," alisema Bi Siwema, "tumekwisha, shoga. Tutakula mchicha mpaka tuote mizizi."

*

Yalibaki mayai mengine thelathini na zaidi kwenye nyungo za watu, na Kidawa hakuwa na tumbo la kuyatosha. Ndipo wazo la mashine lilipozaliwa. Wanawake wakakubaliana wachange, wanunue mashine ndogo ya kutotolesha, ikae kwa Mama Chaurembo, maana ndiko kila mtu anakopita.

"Ila tusikurupuke," alisema Mama Chaurembo. "Kule kwa binamu yangu niliona mtu kanunua sanduku linang'aa kama kabati la bi harusi, akapata mayai ya kuchemsha. Sisi tunataka yenye kipimajoto kinachosomeka. Iwe na kisahani cha maji ndani, hewa isikauke. Igeuze mayai bila kufunuliwafunuliwa. Na umeme ukikatika, joto libaki."

Hilo la mwisho lilikuwa kubwa, kwa sababu katika Bwerere umeme hukatika kila mara Waziri wa Umeme anapoanza kuhutubia kwamba hautakatika tena.

Wakaenda dukani wakiwa saba, kwa sababu Mama Chaurembo hakuwahi kununua hata kiberiti peke yake. Wakaipata. Ya ubao, ndogo, ukuta mnene, kioo juu. Mwenye duka akaipangusa vumbi, akaisifu, akawaonyesha kipimajoto chake, kisha akaifunika tena kwa shuka.

"Siwezi kukuuzieni bila Cheti cha Uchaguzi," alisema. "Nitafungwa mimi na mashine."

*

Cheti kilikuwa kinatolewa na Wizara ya Kuatamia, Kuangua na Mambo ya Joto. Wizara hiyo ilikuwa na ghorofa tisa na kuku sifuri. Mama Chaurembo alipanga foleni tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Mtu akikaa foleni kiasi hicho husoma kila kilichoandikwa mbele yake, na yeye alisoma kibandiko cha kizima moto, tangazo la mazishi la mwaka juzi, na Mwongozo wa Taifa wa Kuangua, ibara zote ishirini na nne, uliotundikwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu na sahihi ya Waziri chini yake. Alipofika mwisho akaurudia, kwa kukosa la kufanya.

Aliyempokea aliitwa Bwana Mtupili. Cheo chake kilikuwa Afisa Mwandamizi wa Joto Dogo. Joto Kubwa lilikuwa na afisa wake mlango wa pili, ambaye koti lake lilikuwa kwenye kiti tangu uhuru.

"Mama, nani kakwambia mwananchi anachagua mashine?" aliuliza Bwana Mtupili kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Wananchi wakiachiwa kuchagua wenyewe, watachagua inayofanya kazi. Halafu nidhamu itakuwa wapi? Ipo Tume Huru. Itachagua mashine moja kwa ajili ya nchi nzima, na wewe utaletewa."

"Lini, mwanangu?"

"Mara tu itakapochaguliwa. Wewe kajaze Fomu Namba Tisa, Tamko la Mashine Iliyopo Nyumbani. Unayo mashine nyumbani sasa hivi?"

"Nina kuku anaatamia."

Bwana Mtupili hakusikia neno hilo, au alilisikia likapotelea njiani, kwa sababu katika wizara hiyo kuku alikuwa hajawahi kutajwa kwenye kikao chochote. "Andika chochote kinachoangua," alisema. "Na kesho afisa atapita kuchukua sampuli hai. Yai moja."

Mama Chaurembo akashtuka. "Mayai yangu yana siku ya nne, bwana mkubwa. Yai likitolewa likapoa, kilichomo kinakufa."

"Hapa wizarani, mama," alisema Bwana Mtupili, "hakuna kinachokufa. Kinachelewa tu."

*

Fomu ilijazwa uani, katikati ya chai na vicheko. Mama Chaurembo alishika kalamu, wanawake kumi wakashika mbavu.

"Jina la mashine?"

"Andika Kidawa, kwani anaitwa nani mwingine!"

"Nchi ilikotengenezwa?"

"Hapa hapa, nyuma ya choo."

"Uwezo?"

"Mayai kumi na mawili. Kumi na matatu kwa kujibana."

"Chanzo cha nishati?"

"Pumba, makombo, na mende."

"Namna ya kugeuza mayai?"

"Kwa mdomo," alisema Bi Siwema, "bila kuambiwa na mtu. Mume wangu hata sahani hageuzi."

"Kidhibiti joto?"

"Kupanua mbawa, kukunja mbawa."

"King'ora cha tahadhari?"

"Kipo! Wakamuulize balozi!"

"Taka zitokanazo na mashine?"

Hapo walicheka mpaka chai ikamwagika, na Mama Chaurembo akaandika kwa mwandiko mzuri: *Zipo. Popote.*

Kesho yake afisa alikuja na sanduku la chuma lililopakwa rangi za bendera, akachukua yai moja. Kila mwanamke aliziba alama yake kwa kiganja. Mama Chaurembo hakuweza kumtoa sadaka mtoto wa jirani, akatoa la kwake, lenye duara.

Lilirudi siku ya nane, baridi kama pua ya mbwa. Duara la mkaa lilikuwa limefutwa, na mahali pake umepigwa muhuri wa zambarau: LIMEHAKIKIWA. Mama Chaurembo alilimulika kwa tochi. Wenzake wote waliomulikwa siku ya saba walikuwa na mishipa myekundu kama mizizi na kitone kinachocheza katikati. Hili la serikali lilikuwa na ukungu na maji yanayoyumba.

"Limekufa," alisema.

"Lina muhuri," alijibu afisa. "Sheria inasema mali ya serikali irudishwe mashinani mbele ya shahidi. Ukilitupa, mama, ni hujuma."

Yai maiti likaingizwa chini ya Kidawa. Kidawa akaligeuza kwa mdomo mara moja, akamtazama afisa, akatazama pembeni.

*

Yaliyotokea kwenye Tume yalifika uani moto moto, kwa sababu mpika chai wa wizara, Tabu, alikuwa binamu yake Bi Siwema, na Tabu hakuwa mtu wa kubeba habari hadi ipoe.

Tume ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Hakuna aliyeona haja ya kuziona mashine zenyewe. Kuona ni kazi ya watumishi wa ngazi za chini. Zililetwa karatasi.

Mashine ya kwanza ilitoka nje, nayo ilikuwa na kitabu cha maelekezo chenye picha zinazoeleweka hata na mtoto. Tume ikaona imetukanwa, ikaiondoa. Ya pili ilikuwa ileile ya ubao yenye ukuta mnene ambayo Mama Chaurembo aliipenda dukani. Iliondolewa kwa sababu mwenye duka aliambatanisha barua inayosema inafanya kazi, jambo ambalo Tume ililiita kuishawishi Tume. Ya tatu ilikuwa ya shemeji yake Waziri. Ilikuwa kabati la mikate lililofungwa taa. Hii pekee ndiyo iliyojaribiwa, ikapika mayai ishirini vizuri sana. Tume ikayala kwa chumvi na pilipili, ikaipa alama nyingi.

Mbio zilikuwa zimekwisha, kila mtu anatafuta kofia yake, ndipo mjumbe mmoja mwenye miwani akainua karatasi iliyokuwa imebaki chini ya kikombe.

"Hii hapa inaitwa Kidawa," alisema. "Haitumii umeme."

Wakakaa tena.

"Inageuza mayai yenyewe," aliendelea. "Inadhibiti joto yenyewe. Nishati mbadala. Imetengenezwa nchini!"

"Mbawa ni nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni feni za kisasa," alijibu mhandisi wa Tume, ambaye alikuwa na shahada mbili za mambo mengine. "Nimeziona ng'ambo."

Kidawa akapata alama tisini na nane kwa mia. Mbili zilikatwa kwa ajili ya zile taka. Shemeji alikuja juu, akagonga meza, lakini alichelewa, kwa sababu redio ilikuwa imeshatangaza, na katika Bwerere kitu kikishatangazwa redioni ukweli ndio hutakiwa kukifuata.

"Ndugu wananchi," ilisema redio, siku ya kumi na sita ya mayai, na ua mzima ukiisikiliza, "baada ya utafiti wa kina uliochukua wataalamu wetu miaka saba, Jamhuri imeichagua mashine ya kisasa aina ya Kidawa. Itazalishwa kiwandani, elfu kumi na mbili kwa awamu ya kwanza. Mheshimiwa Waziri Ndalakala ataizindua mwenyewe Jumamosi, mtaa wa Nyuma ya Soko."

Wanawake walianguka. Mmoja alijikwaa kwenye jiko, mwingine alilia machozi ya kweli kwa kucheka. Kidawa, kwenye tairi lake pembeni ya jiko, alifumba jicho moja.

Mama Chaurembo peke yake hakucheka hadi mwisho. Alihesabu kwa vidole.

"Jumamosi ni siku ya kumi na tisa," alisema. "Mnajua wazinduzi wanafanya nini? Wanafungua. Watamfungua."

Kicheko kikakatika kama umeme.

*

Walikuja na magari kumi na manne, bendi ya matarumbeta, utepe, jenereta iwapo mashine itaona haya, na mafundi wanne wenye bisibisi. Mheshimiwa Ndalakala aliteremka na tumbo lake likateremka baada yake. Bwana Mtupili alitangulia mbele akifukuza nzi ambao walikuwa wenyeji wa pale.

"Iko wapi?" aliuliza Waziri.

Mama Chaurembo akaonyesha kwa kidole.

Waziri alitazama tairi. Alitazama manyoya. Alitazama shingo tupu na lile jicho. Msafara wote ukatazama, na matarumbeta yakashuka moja moja. Hapa mtu angedhani kuna atakayesema kitu. Palikuwa na maprofesa watatu pale. Palikuwa na daktari wa mifugo. Lakini aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba yule ni kuku ndiye angekuwa amesema kwamba Waziri ameweka sahihi kumpa kuku zabuni, na hakuna mtu mwenye watoto shuleni anayesema jambo la namna hiyo.

"Ndogo kuliko nilivyotarajia," alisema Waziri hatimaye.

"Teknolojia siku hizi, Mheshimiwa," alisema Bwana Mtupili, jasho likimtoka, "inapungua ukubwa."

"Na hii sauti?"

"Ni injini, Mheshimiwa."

Makofi yakapigwa. Daktari wa mifugo alipiga kwa nguvu kuliko wote. Waziri akapata ujasiri, akafungua hotuba.

"Maadui zetu walisema hatuwezi!" alinguruma. "Walisema Bwerere haina viwanda! Leo waje waone! Mashine hii ni matunda ya sera zangu, ni jasho langu, imetoka kwenye damu ya serikali hii! Fundi, funua, wananchi waone mitambo ya ndani!"

Fundi wa kwanza akapiga magoti na bisibisi yake, akatafuta kitufe. Alipokaribia mkia, Kidawa alivimba mara mbili ya umbo lake. Nyuma ya umati wanawake kumi na mmoja walishika vinywa, kila mmoja akiona yai lake, jicho lake, nyota yake, kijiko chake, likiachwa kwenye upepo ili mtu mnene apigwe picha.

Mama Chaurembo akajitosa katikati, akakaa chini kati ya fundi na tairi. Alipokaa yeye, palikuwa pamekalika.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya adabu iliyosikika mpaka sokoni, "naomba unisaidie mimi mama yako nisiyesoma. Ibara ya kumi na nane ya Mwongozo wa Taifa wa Kuangua, ile ya fremu ya dhahabu, si inasema kuanzia siku ya kumi na nane mashine haifunguliwi, haisogezwi, wala haiguswi na mtu yeyote wa cheo chochote? Leo ni ya kumi na tisa. Au nimesoma vibaya?"

Waandishi wa habari wakainua kalamu.

"Nani aliandika upuuzi huo?" alinong'ona Waziri.

"Wewe, Mheshimiwa," alinong'ona Bwana Mtupili. "Tuliunakili kutoka kwenye kile kitabu cha picha cha mashine ya nje, ukatia sahihi."

Waziri akatabasamu kama mtu aliyeumwa jino mbele ya mkwe. Utepe ulikuwa umeshafungwa, redio ilikuwa imeshaahidi. Akatangaza kwamba, kwa kuiheshimu sheria ambayo ni yeye aliyeitunga, serikali itasubiri pale pale mpaka mashine imalize kazi.

*

Ikasubiri siku mbili. Ua wa Mama Chaurembo, uliozoea kujaa watu, ulijaa watumishi, na haukuwahi kuwa mtupu kiasi kile. Walikaa vigoda vyote. Walikunywa tangawizi yote. Hakuna hata mmoja aliyejua habari yoyote ya maana ya mtu yeyote. Asubuhi walifanya kikao cha kuandaa kikao cha jioni. Mara moja kwa siku Kidawa aliteremka kwenye tairi, akanywa maji, akadonoa pumba, akajisaidia kwenye kiatu cha katibu, akarudi. Mhandisi wa Tume akaandika: *Mashine imejizima dakika kumi na tano, imejiwasha yenyewe bila msaada.* Chini yake akaongeza: *Ajabu.*

"Yaani hawa ndio wenye nchi," alisema Bi Siwema akiwatazama kutoka mlangoni, "na mimi nilikuwa nafunga kufuli mlango kwa kuogopa wezi wa mtaani."

Siku ya ishirini na moja, jua lilipopanda, sauti ndogo ilisikika chini ya mbawa, kisha ya pili, kisha zote. Wanawake wakasukuma makatibu, wakapita. Kila mmoja aliokota gamba lake na kusoma alama ya mkaa. Jicho. Kijiko. Nyota. Mistari mitatu. Kumi na mmoja, wote wazima, wamelowa, wanatetemeka kwa hasira ya kuzaliwa. Walishangilia mpaka bendi ikadhani imeitwa, ikaanza kupiga.

"Na langu?" aliuliza Waziri.

Kwenye majani lilikuwa limebaki yai moja lenye muhuri wa zambarau. Rangi yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu, na lilikuwa linatoa jasho.

"Mheshimiwa," alisema Mama Chaurembo, na safari hii alisema kwa huruma ya kweli, "hilo ni viza. Lilikufa ofisini kwenu, likapikwa siku kumi na tatu. Usilishike. Ukilishika, usilitikise. Ukilitikisa, niruhusu kwanza niingie ndani."

"Mama," alisema Waziri kwa sauti ya kuwaelimisha waandishi, "hili ndilo yai pekee lililohakikiwa. Hayo mengine yametotolewa kiholela."

Akaliokota. Akaliinua juu wapiga picha wapate. Akaliweka sikioni amsikie kifaranga wa serikali. Hakusikia kitu, na kwa kuwa alizoea wasiomjibu kuwatikisa, akalitikisa.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Harufu ndiyo iliyokuwa kubwa. Ilitembea uani kama mtu aliyetumwa, ikamgusa kila mwenye tai. Bendi iliruka ukuta na matarumbeta yake. Yule profesa wa kwanza alisahau gari. Waziri alisimama peke yake, kope zimeganda, kipande cha gamba kimemkaa shavuni, na juu ya gamba herufi za zambarau zinasomeka vizuri: KIKIWA.

*

Taarifa ya Tume ilitoka baada ya wiki. Ilisema mashine aina ya Kidawa ina kasoro ya kiusalama, imemshambulia kiongozi, na baada ya awamu moja tu imegoma kufanya kazi na sasa inazurura mtaani na bidhaa zake nyuma. Zabuni ikafutwa, akapewa shemeji. Mashine mbovu ikaamriwa itwaliwe na kuteketezwa.

Bwana Mtupili akaja na kikapu. Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamejikusanya chini ya Kidawa, manyoya yao bado membamba, na wenye nao wamejaa uani, safari hii hakuna aliyecheka.

"Mchukue," alisema Mama Chaurembo. Wanawake wakaguna. "Ila unipe hati ya kutwaa mali, mwanangu. Mimi raia mwema. Hapo penye 'aina ya kitu kinachotwaliwa,' andika wewe mwenyewe kwa mkono wako. Andika unachokiona."

Bwana Mtupili akatoa kalamu. Akamtazama Kidawa. Kalamu ikashuka mpaka kwenye karatasi, ikasimama. Akiandika mashine, macho ya wanawake kumi na wawili yatacheka. Akiandika neno lile lingine, ndilo litakalosomwa bungeni. Alisimama hivyo mpaka chai ikaiva, ikanywewa, ikaisha. Kisha akafunga kalamu, akabeba kikapu chake kitupu, akaenda. Faili liko wazi mpaka leo, sehemu ile haijajazwa.

*

Miezi sita baadaye kabati za shemeji zilisambazwa kwa lazima, nyumba kwa nyumba. Vifaranga walikuwa wameshakuwa majogoo na matetea, mtaa umerudi kuamshwa kwa kelele zake. Mama Chaurembo aliletewa kabati lake, akaliweka pembeni ya jiko. Siku hiyo hiyo Waziri wa Umeme alihutubia. Taa ikazimika ndani ya kabati, mlango ukabaki wazi. Kidawa akapita, akachungulia, akaona pana giza na hapana watu. Akaingia. Alipotoka kulikuwa na yai. Baada ya wiki mbili hakutoka tena.

Bwana Mtupili alikuja kwenye ukaguzi, peke yake, hana hata wa kumfukuzia nzi. Wanawake wakampisha njia bila kumpa kigoda. Akafungua mlango wa kabati. Kidawa akamtazama. Akaingiza kipimajoto chini ya mbawa, polepole, kama mtu anayeomba radhi, akakisoma, akaandika huku akitamka kwa sauti ya kazini: "Joto, thelathini na nane kamili. Matumizi ya umeme, hakuna. Ufanisi, bora sana." Kwa taarifa hiyo serikali iliagiza kabati nyingine elfu ishirini.

Alipomaliza hakuondoka. Alikunja karatasi, akaikunjua, akasogea karibu na Mama Chaurembo, akashusha sauti.

"Mama," alisema, "lile la kwangu nyumbani limenipikia mayai sitini. Mke wangu hasemi nami. Nakuomba… unaweza kunigawia mmoja kati ya hawa?"

"Mmoja kati ya nini, mwanangu?" aliuliza Mama Chaurembo.

Bwana Mtupili alitazama mlangoni. Alitazama ukutani. Alimtazama Bi Siwema, akajua kwamba atakalosema litafika sokoni kabla yake. Midomo ikafunguka, ikafungika, ikafunguka tena, na neno lilitoka dogo kama la mtoto anayekiri.

"Kuku."

Ua wote ulipumua. Mama Chaurembo akamimina chai kikombe kimoja, taratibu, akaongeza tangawizi, akainywa mwenyewe.

"Kajaze Fomu Namba Tisa," alisema. "Na kesho ulete yai moja la sampuli."